Ramani ya pH haihesabu magunia ya chokaa

Mhariri,

Wenye mashamba makubwa ya mahindi na ngano huku kwetu wanazidi kuulizia mitambo inayopima pH ya udongo (namba ya tindikali: ikishuka, tindikali huzidi) huku trekta likitembea. Ramani yake ya rangi inavutia, lakini inaweza pia kudanganya.

Mtambo unaojulikana zaidi ni wa Veris Technologies ya Salina, Kansas, ulioingia sokoni Marekani mwaka 2003. Kiatu cha chuma hushushwa kwa haidroliki, huchota udongo, kisha hupanda na kuubana kwenye elektrodi mbili (vijiti vya kupimia pH) za metali ya antimoni. Kipimo kikitulia huandikwa, maji hupulizwa kuosha elektrodi, na kiatu hushuka tena. Yote hayo huchukua kama sekunde 10. Trekta likienda kilomita 10 kwa saa, hicho ni kipimo kimoja kila mita 28. Mistari ikiachana mita 20, unapata vipimo karibu 18 kwa hekta.

Kiatu hicho hakina mlango. Udongo mpya ndio unaousukuma wa zamani utokee nyuma. Udongo mfinyanzi ukiwa chapachapa, ule wa zamani hugandia ndani, na elektrodi hupima mahali ulipokwisha pita. Ukiwa vumbi, kiatu hupanda nusu tupu na namba haitulii. Finyanga udongo mkononi: ukishikana bila kuacha matope kiganjani, ingia shambani. Mabua ya mahindi nayo hukwama mdomoni mwa kiatu, kwa hiyo dereva ashuke kukagua kila baada ya mistari michache.

Asubuhi, kabla ya kuanza, sahihisha elektrodi zote mbili kwa bafa (vimiminika vyenye pH inayojulikana) za pH 4 na pH 7, kivulini. Rudia mchana. Shambani, elektrodi zikipishana zaidi ya nusu ya pH, kitupe kipimo hicho. Mara nyingi moja imeguswa na jiwe au hewa badala ya udongo. Kuzitafutia wastani ni kuficha tatizo. Maji ya tangi nayo yachunguzwe. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina magadi, na tone linalobaki kwenye elektrodi hupandisha namba. Maji ya mvua yaliyochujwa ni salama zaidi.

Kosa lisiloonekana kabisa ni la GPS. Antena iko juu ya trekta, kiatu kiko nyuma. Umbali huo ukiwa mita 4 na usiingizwe kwenye programu, mstari wa kwenda na wa kurudi hupishana mita 8, na mipaka ya rangi huwa kama meno ya msumeno. Mahali pa kuandikwa pawe pale udongo ulipochotwa. Namba hutulia sekunde kadhaa baadaye, trekta limeshasogea.

Sasa chokaa, inayopunguza tindikali na kupandisha pH. pH ya 5.2 kwenye mchanga na 5.2 kwenye mfinyanzi mwekundu ni namba moja, lakini mfinyanzi hutaka chokaa nyingi zaidi kufikishwa 6, kwa kuwa una tindikali nyingi iliyojificha kwenye chembe zake. Elektrodi haiioni tindikali hiyo. Baada ya ramani kutoka, chagua sehemu 8 au 10, zenye pH ya chini, ya kati na ya juu, chimba kwa kina kilekile cha kiatu, upeleke maabara ipime kwa bafa ya mahitaji ya chokaa, inayoonyesha chokaa kiasi gani inatakiwa. Uliza pia wanapimia pH kwenye maji au kloridi ya kalsiamu. Hiyo ya pili hutoa namba ya chini zaidi kwa udongo uleule, na mwenye kulinganisha bila kujua atalaumu mtambo bure.

Na kama sehemu ya shamba ni chai, iacheni na tindikali yake.

Mafundi wa mitambo ya shamba,
Eldoret