Kura 16 za Townsville na askari waliokuwa Rwanda

Ndugu Mhariri,

Kesi ya uchaguzi ikifika mahakamani hapa kwetu Tanzania, mitaani huulizwa jambo moja tu: nani kaiba? Naomba nafasi niwaeleze wasomaji kesi ya Australia ambayo haikuhitaji mwizi, lakini matokeo yalifutwa na serikali ikaanguka.

Julai 1995 jimbo la Queensland lilichagua bunge lake la viti 89. Chama cha Labor cha Waziri Mkuu wa jimbo hilo, Wayne Goss, kiliambulia viti 45, yaani kiliponea kwenye tundu la sindano. Kimoja kati ya hivyo kilikuwa Mundingburra, mjini Townsville, ambako Ken Davies alimshinda Frank Tanti wa chama cha upinzani cha Liberal kwa kura 16.

Townsville ni mji wa wanajeshi. Wakati huo baadhi yao walikuwa Rwanda na kikosi cha Umoja wa Mataifa, na karatasi zao za kura hazikuwafikia kwa wakati. Pengo likiwa kura 16, hata askari wachache wanatosha kupindua matokeo. Desemba mahakama iliamuru uchaguzi urudiwe.

Ulirudiwa tarehe 3 Februari 1996. Labor, sijui kwa hesabu gani, kilimtosa Davies na kumsimamisha meya wa mji, Tony Mooney. Davies naye akaingia kama mgombea binafsi (sisi sheria yetu bado inatunyima hilo). Tanti akashinda. Bunge likawa 44 kwa 44, na mbunge asiye na chama, Liz Cunningham wa Gladstone, akawaunga mkono wapinzani. Goss akajiuzulu, na kiongozi wa wapinzani, Rob Borbidge, akaapishwa kushika nafasi yake mwezi huohuo.

Sasa niwaulize wabunge wetu: askari wa JWTZ walioko kwenye ulinzi wa amani Afrika ya Kati, siku ya uchaguzi wanapigia kura wapi? Kituo hawana, kura ya posta haipo. Wale wa Townsville sheria iliwapa haki hiyo, ndiyo maana karatasi kuchelewa likawa kosa la kupelekwa kwa jaji. Wa kwetu hawana hata karatasi ya kuchelewa. Sheria ikirekebishwa, waanze hao: majina yao yanajulikana, na makamanda wao wako palepale kambini.

Wako,
Msomaji, Morogoro