Maneno ya Q yachapishwe pamoja na maana zake

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini mwako. Katika ukurasa wa mafumbo wa Jumamosi mlitoa orodha ya maneno ya Kiingereza mliyoyaita ya ajabu, kwa ajili ya watoto wanaocheza Scrabble, ule mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa vigae vya herufi, wakati huu wa likizo. Nashukuru. Vijana wanaochezea barazani kwangu hapa Mji wa Kale, Mombasa, waliikata karatasi hiyo kwa makasi kabla sijamaliza kusoma habari za siasa zilizokuwa nyuma yake. Ila orodha yenyewe ilikuja kavu. QADI, QAT, QIBLA, SUQ, TALAQ, WAQF, safu nzima ya Q zisizofuatwa na U, na maana hata moja hakuna.

Ya ajabu kwa nani, Mhariri? QADI ni kadhi. QIBLA ni kibla. TALAQ ni talaka, SUQ ni soko, NIQAB ni nikabu, FAQIR ni fakiri, na QAT ni miraa inayouzwa hapo kona. Mtoto wa Pwani ameyasikia yote hayo kabla hajajua kushika kalamu. Kiingereza kimeyatoa Uarabuni kama sisi tulivyoyatoa mengi yake. Wao wameiacha Q yake, sisi tukaandika K. Mngeweka neno moja tu la Kiswahili mbele ya kila neno, nusu ya orodha isingehitaji kukaririwa.

Asiyecheza huenda asielewe kwa nini nalivalia njuga jambo hili. Katika vigae 100 vya Scrabble ya Kiingereza, Q ni moja tu. Ina pointi 10, lakini U ziko nne, na zikishatoka unakaa na Q yako mkononi hadi mchezo unaisha, nayo inakula pointi zako. Ndiyo maana wachezaji huyatafuta maneno haya kama dawa.

Juzi binti mmoja wa Gredi ya 8 alikuwa na W, A, Q na F kwenye kibao chake. Akaweka WAQF, na F ikaangukia mraba unaozidisha neno mara mbili. Nne, moja, kumi, kisha nne tena, ni 19. Mara mbili, 38. Aliyekuwa akicheza naye, kijana wa chuo kikuu, akapinga papo hapo: "Hicho ni Kiswahili, tena umekosea hata kuandika." Tukafungua kamusi ya Collins, ile inayotumika mashindanoni, na neno limo. Kwa kanuni ya barazani kwangu, anayepinga neno halali hupoteza zamu, kwa hiyo kijana akakaa kimya akimtazama mwenzake akiweka neno la pili. Nikamuuliza binti alilikariri lini. Hakulikariri. Alisema, "Si madrasa yetu ni ya wakfu, Mwalimu? Haiuzwi."

Yule kijana hakukubali yaishe. Alinitolea mfano wa Nigel Richards wa New Zealand, na mfano huo ni wa kweli. Richards alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 na hajui kuzungumza Kifaransa. Alijifungia na orodha ya maneno kwa wiki chache, basi. Mwaka 2024 akaenda Granada akachukua na wa Kihispania vilevile. "Sasa maana ni za nini?" kijana akaniuliza. Sina jibu la kumshinda Richards. Ninachojua ni kwamba huyo ana kichwa chake peke yake, na sisi wengine tukikariri herufi tupu usiku, asubuhi zimeshatoroka. Wellington Jighere wa Nigeria, Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia kwa Kiingereza, aliyeshinda kule Perth, Australia, mwaka huohuo wa 2015, alisifiwa yeye na wenzake kwa kupenda maneno mafupi ya herufi tano, wakitunza herufi nzuri badala ya kukimbilia maneno marefu. Maneno mafupi yanafundishika. Nipeni mtoto na maana ya maneno kumi mafupi, jioni nitawarudishia mchezaji.

Hebu tazama yale ya herufi mbili. NA, LA, YA, ZA, PA, KA: yote halali kwa Kiingereza, na wanangu wa barazani wanacheka wakiambiwa. ZA ni pizza ya vijana wa Marekani, iliyokatwa kichwa ikabaki mkia. LA ni sauti ya muziki, PA ni baba, KA ni roho kwa Wamisri wa kale, na NA ni "hapana" kwa Waskoti, jambo ambalo mwanafunzi wangu mmoja alilitumia kukataa kufagia. AI ni mnyama wa Amerika Kusini mwenye vidole vitatu, mvivu hata wa kushuka mtini. ZO ni mtoto wa ng'ombe na yak, yule ng'ombe mwenye manyoya marefu, kule milima ya Himalaya. QI, lenye kuokoa watu wengi kuliko yote, ni nguvu ya uhai kwa Wachina. Maana kama hizo, nani atazisahau?

Nina nung'uniko moja, ingawa haliwahusu ninyi. Kamusi hiyo ya Collins imejaa Kiswahili kitupu: UGALI, ASKARI, DUKA, KANZU, BWANA, MZEE, UHURU, hata UJAMAA. Nafurahi. Lakini wingi wake wameufanya wenyewe bila kutuuliza. Mzee mmoja, MZEES wawili. Askari wakizidi ni ASKARIS. Na UGALIS ni halali kabisa, eti sima inahesabika. Nimemwambia binti wa WAQF aitumie S hiyo bila kusita pointi zikipatikana, lakini asije akaiandika kwenye insha.

Mtaniuliza kwa nini tusicheze kwa Kiswahili. Tumejaribu na vigae hivihivi vya Kiingereza. K iko moja tu. Mtu akishaandika KITU, mwenzake hana tena kiti wala kikombe, na Q na X zinakaa bila kazi. Siku mtu akitutengenezea vigae vyenye K za kutosha na A nyingi zaidi, baraza langu liko wazi.

Kwa sasa ombi langu ni dogo. Kila Jumamosi chapisheni maneno matatu tu, na maana yake kwa Kiswahili katika mstari mmoja. Niko tayari kuwaandalia bure. Kama ukurasa umejaa, punguzeni safu ya nyota. Mimi ni Ng'e, na wiki iliyopita mliniahidi safari ya mbali na mchumba mpya.

Mwalimu mstaafu,
Mji wa Kale, Mombasa