Gari la zamani la EFI linatoa moshi mweusi? Kontrol boksi iache mwisho

Wateja wengi wakifika gereji kwetu hapa Arusha huanza na swali moja: "Fundi, mashine ya kupimia mnayo?" Tunayo. Lakini ukituletea Mercedes 450 SE ya 1974, hakuna pa kuichomeka. Mfumo wake wa EFI, yaani wa kupuliza petroli kwa nozeli za umeme, ni D-Jetronic wa Bosch, ule ulioanza kufungwa kwenye Volkswagen 1600 mwaka 1967, na kontrol boksi lake, yaani kompyuta inayopanga petroli, halitunzi kodi (namba) ya kosa lolote. Hapo tunatumia mita ya umeme, geji ya presha na pua.

Tulipokea moja ya aina hiyo. Asubuhi inawaka vizuri, ikishapata moto inamisi, inatoa moshi mweusi na kunywa mafuta kama lori. Mwenyewe alishanunua kontrol boksi la mtumba, akafunga, ugonjwa ukabaki palepale. Tukapima sensa ya joto la maji. Upinzani wake wa umeme hushuka injini inavyopata moto: kwenye nyuzi 20 husoma kama omu 2,500, kwenye nyuzi 80 kama 300. Sensa ilikuwa nzima. Soketi yake ndiyo iliota kutu ya kijani, upinzani ukazidi, boksi likaamini injini imelala Marangu usiku wa Julai, likawa linamwaga petroli tu. Tukafunga soketi mpya. Boksi la mtumba bado liko kwenye buti.

Kwa hiyo sisi huanza na waya za ethi (za kurudisha umeme kwenye bodi) na soketi, kisha hozi za vakyumu. D-Jetronic hukadiria hewa kwa presha ya ndani ya manifoldi, yaani bomba la kuingizia hewa kwenye injini. Hozi ikipasuka presha inapanda, boksi linadhani umekanyaga mafuta. L-Jetronic iliyofuata miaka ya 1970 ni kinyume: hewa inayoingilia kwenye ufa haijapita kwenye mita ya hewa, petroli inakuwa pungufu na gari linazima kwenye sailensa, yaani likiunguruma bila kukanyaga mafuta. Ufa uleule, dalili mbili tofauti.

Presha ya mafuta kwenye D-Jetronic ni karibu psi 30, kama upepo wa tairi. Hozi ya kabureta haikutengenezwa kwa presha hiyo, ikitoboka petroli inarukia injini ya moto. Hapo hatubishani na mteja, tunabadilisha.

Na tafadhali, usimruhusu mtu achomoe betri gari likiwaka eti anapima altaneta. Umeme ukiruka, boksi linaungua kweli. Nozeli nazo zisiguswe na betri moja kwa moja. Zile za D-Jetronic zina omu kama 2.4 tu, volti 12 zinazichoma.

Wapo wanaotuomba tung'oe kila kitu tuweke kabureta. Inawezekana, ila panda nayo kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu. Sensa ya presha ya D-Jetronic inahisi hewa inavyopungua na petroli inapunguzwa; kabureta itaendelea kumimina kama iko bondeni.

Ukitaka tulipime lako, lilete jioni lilale hapa. Sensa ya joto na nozeli ya kuwashia baridi tunazipima asubuhi, kabla stata haijaguswa.