Barabara zikichimbwa, mabomba ya faiba yalazwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini niseme na wanaopanga barabara za Dar es Salaam. Gharama kubwa ya mtandao wa faiba, yaani intaneti inayosafiri kwa mwanga ndani ya nyuzi za kioo, haiko kwenye waya wenyewe. Iko kwenye kuchimba mtaro, kufukia na kurudishia lami. Inauma kuona lami mpya ikikatwa. Kila barabara inapojengwa, mabomba matupu yalazwe humo humo, kisha kampuni yoyote ipitishe waya wake kwa kulipia.

Wapo wanaosema minara ya simu inatosha. Lakini mnara hula umeme usiku na mchana, na umeme ukikatika mingi huwashiwa jenereta za dizeli. Faiba ya majumbani hugawanywa njiani kwa vigawanyio visivyotumia umeme hata kidogo, na mwanga hufika hata kilomita 20 bila kuongezewa nguvu. Waya wa shaba hauwezi hilo.

Mikongo ya baharini ya SEACOM na EASSy, nyaya kuu za intaneti zilizolazwa chini ya bahari, ilitufikia mwaka 2009 na 2010, kwa hiyo kasi ya intaneti si ngeni pwani hii. Wakala wa barabara, TANROADS na TARURA, waandike sharti la mabomba katika kila mkataba mpya, wakianza na barabara za mitaani.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam