Risala ya Watengenezaji wa Tovuti wa Lubumbashi kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa Mama Burgomesta, kiongozi wa komine yetu katika mji huu, Mgeni wetu wa Heshima,
Bwana Mkuu wa shule iliyotupokea,
Baba na mama wazazi, pamoja na walimu wetu,
Ndugu mliotoka Likasi na Kolwezi tangu alfajiri,
Wanakikundi wenzangu,

Jambo kwenu nyote, na karibuni sana.

Mama, tunakushukuru kwa kuitika wito. Leo ni Jumamosi, watu wengi wako nyumbani wakipumzika baada ya salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi, na kazi za wiki nzima, nawe umekubali kuja kuketi kwenye dawati la wanafunzi ili usikie habari za vijana wanaotengeneza tovuti. Wenzangu wamenituma nikusomee maneno haya kwa niaba yao.

Kikundi chetu kina wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wanafunzi wa shule ya juu ya kompyuta ya ESIS Salama, mafundi wa kompyuta wa hapa mjini, makarani waliojifundisha wenyewe usiku baada ya kazi, na vijana wachache ambao bado wako sekondari. Kila mwezi tunakutana Jumamosi moja, mchana. Mmoja anasimama na kueleza jambo analolijua: jinsi ya kulinda nywila za wateja, jinsi fomu inavyopeleka data kwenye seva (ile kompyuta inayohifadhi tovuti), au jinsi ya kupatana bei na mteja wako wa kwanza. Wengine wanauliza, halafu tunafungua mashine na kufanya kazi. Mara moja kwa mwaka, kama leo, tunafungua milango kutwa nzima na kualika miji mingine.

Siku ya leo inapendeza, na tunaifurahia. Lakini nguvu ya kikundi hiki, Mama, iko kwenye zile Jumamosi za kila mwezi ambazo hazina mabango wala wapiga picha, na hizo ndizo tunazokuja kuziombea msaada wako.

Wazazi wetu hutuuliza: mnatoka nyumbani kwenda kufanya nini, na kila kitu kiko kwenye simu? Ni swali la haki. Masomo yako kwenye intaneti, tena mengi ni ya bure. Ila video za masomo zinakula mega za intaneti, na mega zinanunuliwa. Zaidi ya hapo, anayejifunza peke yake chumbani hana wa kumwonyesha mahali alipokosea, maana kwake yeye kila kitu kinaonekana sawa. Acha tukupe mfano mmoja.

Dada mmoja alikuja na tovuti aliyomtengenezea shangazi yake anayeuza vitenge kwenye soko la Kenya, komine ya hapa hapa Lubumbashi. Kwenye mashine yake ilifunguka vizuri. Kwenye simu ya shangazi ilibaki nyeupe, mpaka mteja anachoka na kuondoka. Tuliiweka ukutani kwa projekta, watu wote wakaitazama. Picha zilikuwa 12, zimetoka kwenye simu moja kwa moja hadi kwenye ukurasa, na kila moja ilikuwa na megabaiti 4 hivi. Maana yake, mteja aliyetaka tu kuona rangi ya kitenge alipaswa kushusha megabaiti 48 kwa pesa yake mwenyewe. Kijana mmoja aliyekuwa ameketi nyuma akaja mbele. Akamwonyesha namna ya kupunguza upana wa picha hadi pikseli 800, kuzihifadhi kwa muundo mwepesi wa picha uitwao WebP, kisha kuongeza neno dogo kwenye msimbo linalokiambia kivinjari, ile programu ya kufungulia tovuti, kisivute picha za chini mpaka msomaji mwenyewe afike huko. Ukurasa ukashuka chini ya megabaiti 1. Soda zilizofunguliwa mwanzo wa kazi hiyo zilikuwa hazijaisha.

Lililotufurahisha zaidi lilikuja baadaye. Mkutano uliofuata, dada huyo ndiye aliyesimama kutufundisha habari za picha, na baadhi ya waliomsikiliza walikuwa wamemtangulia katika kazi hii kwa miaka. Mama, wewe unaijua likelemba, ule mchango wa pesa wa zamu: kila mtu anatoa, na kila mtu anapokea zamu yake inapofika. Sisi tunafanya hivyo kwa ujuzi, na asiyetoa hata kidogo tunamuuliza kwa upole zamu yake itakuwa lini.

Desturi hii hatukuibuni sisi. Mwaka 1975, mwezi wa Machi, watu kama 30 waliopenda kompyuta walikutana kwenye gereji ya nyumba moja huko Menlo Park, California, wakajiita Homebrew Computer Club. Miongoni mwao alikuwamo Steve Wozniak, aliyekuja kuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Apple. Mashine yake, ile iliyokuja kuitwa Apple I, aliwaonyesha wenzake wa kikundi hicho, na michoro yake akawagawia bure. Na wavuti wenyewe una historia ya namna hiyo. Tim Berners-Lee, aliyeubuni, aliandika pendekezo lake mwezi wa Machi 1989 akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Geneva. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikatangaza kwamba programu za wavuti ni za watu wote, bila malipo. Mwezi wa Mei 1994 ukafanyika hapo hapo CERN mkutano wa kwanza wa kimataifa wa wavuti. Watu 380 hivi walihudhuria, na waliotaka kuingia walikuwa wengi kuliko nafasi. Oktoba ya mwaka huo ikaanzishwa W3C, mahali ambapo kanuni za wavuti zinapatanwa hadi leo. Ukurasa uliotengenezwa Lubumbashi unafunguka sawasawa Lusaka na Paris kwa sababu watu walikaa pamoja, wakabishana, wakakubaliana.

Kuna kanuni nyingine tuliyoichukua kwa wenzetu wa mbali. Mwaka 2005, huko Palo Alto, ulifanyika mkutano wa kwanza wa BarCamp, na tangu hapo desturi yake ni kwamba anayekuja awe tayari kueleza kitu au kusaidia kazi. Mtazamaji mtupu hana kiti. Tunaipenda sana kanuni hiyo, na ndiyo maana leo utaona hata vijana wa sekondari wamepewa meza zao.

Kuhudhuria mikutano ya kwingine kuna ugumu wake kwa mtu wa Lubumbashi. Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,500, na nauli ya ndege si ya mwanafunzi. Mpaka wa Kasumbalesa uko karibu, haufiki kilomita 100, kwa hiyo mara nyingi tunatazama upande wa Zambia, ambako basi linatufikisha. Tumefurahi pia kuona mikutano mikubwa ikija Afrika yetu: ule wa lugha ya programu ya Python ulifika Windhoek, Namibia, mwaka 2015, na mwezi wa Novemba 2023 DjangoCon Africa, mkutano wa watumiaji wa Django, zana ya kutengenezea tovuti kwa Python, ikafanyika Zanzibar, mahali ambapo yeyote kati yetu angeweza kuuliza njia kwa Kiswahili chake.

Tunachanga nauli na kumtuma mmoja. Sharti ni moja: akirudi, anatufundisha alichokipata. Tunamwagiza asikae tu ukumbini akiandika, kwa kuwa hotuba nyingi hurekodiwa na tutaziona baadaye. Akae kwenye foleni ya chai. Afungue mashine yake aonyeshe kazi aliyoifanya, hata kama haijakamilika, na aulize. Mazungumzo ya pale hayarekodiwi na mtu, na mara nyingi kazi na marafiki wa kazi hutoka hapo.

Kupokea wageni nako ni shule. Jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba umeme hauna ahadi. Kwa hiyo kila mkutano tunakuja na kisanduku kile unachokiona pale mezani, Mama, chenye taa ndogo ya kijani. Ni kompyuta ya Raspberry Pi, inaenea kwenye kiganja, na inakula umeme mdogo sana, kiasi kwamba betri ya kuchajia simu inaiendesha mchana mzima. Ndani yake tumeweka Wikipedia kwa programu ya Kiwix, inayowezesha kuisoma bila intaneti, ya Kiswahili na ya Kifaransa, vitabu vya maelezo ya HTML na JavaScript, lugha za kutengenezea tovuti, na programu ambazo watu watahitaji siku hiyo. Mwenzetu mmoja anazishusha usiku wa kuamkia mkutano, wakati forfe, yaani kifurushi cha intaneti, ni rahisi. Ukifika hapa unaunganisha simu yako na Wi-Fi ya kisanduku, unasoma na kuchukua unachotaka, na hutumii hata mega moja.

Umeme ukikatika kabisa, projekta inalala. Tunajigawa wanne wanne au watano watano kuzunguka kompyuta zenye chaji, na mwalimu anatembea kutoka kundi hadi kundi. Kobalti iliyo ndani ya betri za kompyuta kama hizo, sehemu kubwa yake duniani inatoka katika nchi yetu, na hasa katika ardhi hii ya Katanga. Vijana hawa wamekua wakiona malori ya madini yakielekea mpakani. Wanatamani kwa dhati kazi inayofanyika juu ya mashine hizo nayo itoke hapa, ifanywe na mikono yao, na ilipwe.

Tunataka kusema na wazazi kidogo. Wasichana ni wachache kati yetu, na sababu si akili. Mama mzazi anaogopa giza na usafiri, na ana haki ya kuogopa. Kwa hiyo tulibadilisha saa: tunafunga saa 11 jioni, jua lingali juu, na hakuna anayeondoka peke yake kwenda kutafuta basi. Wazazi wanaruhusiwa kuingia na kuketi bila kuuliza ruhusa. Tungependa pia kufanya hapa siku nzima ya wanawake wanaoanza, kwa mfano wa Django Girls, kazi iliyoanzishwa Berlin mwaka 2014 na wanawake wawili kutoka Poland, ambayo huwafundisha wanawake bure kutengeneza tovuti yao ya kwanza. Walimu tunao. Tulilokosa ni mahali pa kudumu.

Na hapo ndipo lilipo ombi letu kubwa, Mama Burgomesta. Hatuombi pesa mkononi, wala fulana zenye maandishi. Tunaomba ukumbi mmoja wa komine, Jumamosi moja kila mwezi, mchana, wenye viti, ufunguo na mlinzi anayejua kwamba tunakuja. Mpaka sasa tumekuwa tukihama: mwezi huu shule, mwezi ujao parokia, mwezi mwingine sebuleni kwa mwanakikundi. Kila tunapohama tunapoteza watu, hasa wale wageni waliosikia habari zetu na kukuta mlango umefungwa. Ukumbi ukijulikana, mtu atakuja hata bila kupigiwa simu. Tutaufagia wenyewe, na tutakuachia orodha ya waliofika kila mara.

Ombi la pili linahusu kazi. Nchi yetu ina sheria iitwayo Kanuni ya Dijitali, iliyotiwa saini tarehe 13 Machi 2023, na ofisi za serikali zinazidi kuhitaji tovuti: nyakati za huduma, bei halali za hati, majina ya karatasi ambazo raia anapaswa kuja nazo. Tunaomba komine itupe nafasi ya kushindania kazi kama hizo pamoja na wengine, kwa haki. Tukishindwa kwa ubora, tutanyamaza na kujifunza. Na tovuti hizo zikitengenezwa, tunashauri ziwekwe kwenye seva za hapa. Mji wetu una LUBIX, kituo ambapo makampuni ya intaneti hubadilishana data humu humu Lubumbashi. Lakini tovuti ya Lubumbashi ikikaa kwenye seva ya Ulaya, mkazi wa Katuba anayetaka kusoma tangazo la komine yake analivuta kutoka ng'ambo, wakati lingeweza kumfikia kutoka mtaa wa pili.

La tatu ni barua. Mwenzetu anapoalikwa kuhudhuria mkutano nje ya nchi, barua ya komine inayothibitisha kwamba anatoka kwenye kikundi kinachojulikana ingemsaidia sana kwenye viza na mpakani.

Tunamshukuru Bwana Mkuu wa shule kwa madarasa haya, mama waliotupikia bukari na sombe tangu asubuhi, na ndugu wa Likasi na Kolwezi ambao barabara haikuwazuia. Kolwezi wametuambia wameshaanza Jumamosi yao wenyewe huko kwao, na wanahitaji wazungumzaji. Wanaotaka kwenda waandike majina kwenye karatasi iliyo mlangoni kabla hatujatoka.

Mama Burgomesta, sasa tunakuomba upite kwenye meza. Ya kwanza ni ya wanafunzi wa sekondari, watakuonyesha ramani ya maduka ya dawa ya mtaa wao. Ya pili ni ya yule dada wa vitenge, na shangazi yake yupo naye. Tafadhali ushike simu mwenyewe, uifungue tovuti, na utuambie bila kutuonea haya ni wapi imekuchelewesha.

Asante sana kwa kutusikiliza.