Moyo wa mzee na dawa ya kutuliza: barua ya wazi kwa vijana wa ICU

Wanangu wauguzi, madaktari na wataalamu wa usingizi mnaokesha na wagonjwa,

Salaam. Nawaandikia kuhusu mzee aliyetoka kwenye upasuaji mkubwa, bado yuko kwenye mashine ya kupumulia, na pampu inamwingizia dawa ya kutuliza. Tatizo letu kubwa ni moja: tunaongeza dawa kabla ya kumchunguza mgonjwa.

Mzee akianza kuhangaika na kuvuta mipira, msikimbilie pampu. Anzeni na maumivu. Kisha angalieni oksijeni, sukari, na mpira wa mkojo kama haujakunjika. Lengo ni RASS (kipimo cha kiwango cha utulivu na kuamka kwa mgonjwa) ya -1: akiitwa afumbue macho na kukutazama walau sekunde 10. Asiyeamka hata akitikiswa hajatulizwa, amezimwa, na aliyezimwa hawezi kukwambia kifua kinambana.

Mishipa yake imekakamaa, na ule uwezo wa mwili kuharakisha moyo presha inaposhuka umepungua. Pengine bado ana bisoprololi (dawa ya presha inayopunguza kasi ya moyo) mwilini, na damu imempotea. Kati ya dawa za kutuliza, propofoli hulegeza mishipa, presha ikaporomoka. Deksimedetomidini hupunguza mapigo.

Hii ya pili ndiyo inayowaponza wengi. Dozi ya kuanzia, mikrogramu 1 kwa kilo ndani ya dakika 10, kwa mzee iacheni kabisa. Hupandisha presha ghafla, kisha mapigo yanaanguka. Chukueni mikrogramu 200 (mililita 2), ongezeni salaini mililita 48, mpate mikrogramu 4 kwa mililita. Mzee wa kilo 60 aanze na mililita 3 kwa saa, yaani mikrogramu 0.2 kwa kilo kwa saa. Subirini walau nusu saa kabla ya kuongeza, huku presha ikipimwa kila dakika 5. Tena, antibayotiki isisukumwe kwenye laini hiyohiyo: dawa iliyobaki ndani ya mpira itaingia yote kwa mkupuo, na mtabaki kushangaa monita.

Mapigo 48, presha 120/70, mikono ina joto, mkojo unatoka? Punguzeni dawa, mwangalieni. Mapigo 40 na wastani wa presha (MAP) chini ya 65 ni habari nyingine: simamisheni pampu, mpeni atropini miligramu 0.5, mrudie baada ya dakika 3 hadi 5 ikibidi, jumla isizidi miligramu 3. (Atropini nayo huwavuruga wazee akili, kwa hiyo isitumiwe kupamba namba tu.) Presha ikishuka na mapigo yakapanda, fikirieni damu kwanza: tazameni dreni (mpira unaotoa damu na majimaji kwenye kidonda), papaseni tumbo, pimeni himoglobini.

Mapigo 140 yasiyo na mpangilio, hasa siku ya 2 au ya 3, msiyaite fujo za mgonjwa. Fanyeni ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ya waya 12, pimeni potasiamu na magnesiamu; potasiamu isikae chini ya 4.0 mmol/L. Shambulio la moyo baada ya upasuaji mara nyingi halina maumivu, kwa hiyo presha ikishuka bila sababu au oksijeni ikihitajika zaidi, pimeni troponini (protini inayopanda kwenye damu misuli ya moyo ikiumia), mlinganishe na ile ya kabla ya upasuaji kama ipo.

Mkikabidhiana zamu, andikeni dozi kwa mikrogramu kwa kilo kwa saa, siyo mililita peke yake. Zamu inayofuata ikichanganya dawa kwa ukolezo mwingine (mikrogramu tofauti kwa kila mililita), mililita 3 zilezile zitakuwa dozi nyingine kabisa.