Wanangu wa mkesha wa Ijumaa, mwacheni mgonjwa ameze vidonge vyake

Wanangu, Bwana Yesu asifiwe.

Nawaandikia nikiwa na hasira, na hasira ya bibi wa miaka 74 haimfai mwenye presha. Kwa hiyo nimemeza kidonge changu kwanza, ndipo nikashika kalamu.

Mnamkumbuka binti yetu aliyesimama mbele kwenye mkesha, akatoa pakiti ya vidonge vya presha mkobani na kuitupa sakafuni, nanyi mkapiga vigelegele. Nilikuwepo, kiti cha nyuma. Mkunga wa miaka 35 kazini, nikajisemea nitamwita kesho. Sikumwita. Baada ya wiki sita akaanguka jikoni kwake. Leo mkono wa kulia hauinuki na maneno yanamtoka nusunusu. Hilo tunalibeba wote, mimi mbele yenu. Lakini la pili ni lenu peke yenu. Mlipokwenda kumwona, mmoja wenu akamwambia, "Dada, imani yako ilikuwa haba." Nilikuwa namnywesha uji. Machozi yalimtoka, na uso ukashindwa hata kukunjamana sawasawa.

Nani aliwapa mizani ya kupimia imani ya mgonjwa? Paulo aliomba mara tatu mwiba utoke mwilini mwake, akajibiwa, "Neema yangu yakutosha." Kamwambieni Paulo imani yake haba! Trofimo, mwenzake Paulo safarini, aliachwa Mileto akiwa mgonjwa. Timotheo, aliyekuwa na magonjwa ya mara kwa mara, hakupelekewa kitambaa cha upako. Aliambiwa atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Hezekia Mungu mwenyewe alimwahidi kupona, na bado Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Na wale wakoma kumi Bwana aliwatuma kwa makuhani, ambao kwa torati ya Musa ndio waliokagua ukoma na kusema huyu ni safi, huyu bado. Kwa lugha ya siku hizi: nenda kapime, uje na majibu. Uponyaji wa kweli hauogopi mashine ya presha.

Msidhani nasema kama mtu asiyejua kiu hiyo. Mwaka 2011 nilimpandisha marehemu mume wangu gari kwenda Samunge, Loliondo, kwa Babu aliyegawa kikombe cha dawa ya miti, yeye na kisukari chake. Tulikwama kwenye foleni ya magari, tukalala garini kwa baridi, tukanywa kikombe cha shilingi 500 pamoja na maskini na wenye mashangingi. Sitamlaumu mtu mwingine kwa yaliyofuata. Niliporudi mimi, muuguzi, niliiweka kabatini mashine ya kupimia sukari, kwa sababu kupima niliona ni kumkosea Mungu adabu. Kidonda cha kidole gumba kikaanza kimyakimya. Mwaka uliofuata mguu ukakatwa chini ya goti.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo mume wangu alipopona.

Alikuwa hasemi na kaka yake kwa miaka 19 kwa ajili ya mpaka wa kihamba, shamba la nyumbani la ukoo, migomba ambayo hata mkungu wake haujai toroli. Akiwa kitandani, mguu haupo, alisoma Mathayo 5, pale unapoambiwa uiache sadaka madhabahuni ukapatane kwanza na ndugu yako. Akanyamaza siku mbili. Siku ya tatu akamtuma mjukuu akakate jani la sale, alipeleke kwa babu mkubwa. Ninyi mliozaliwa mjini ulizeni wazazi wenu. Kwetu Uchagani ukiletewa sale hukatai msamaha. Shemeji alikuja jioni ileile. Walilia kama watoto, kisha wakaanza kubishana mpira. Usiku huo mzee alilala hadi asubuhi bila kuniamsha, mara ya kwanza baada ya miezi. Sukari nilimpima: ilikuwa juu kama jana yake. Nikamchoma sindano yake ya insulini, akanicheka, akasema, "Mama, mbona mimi nimeshapona?" Aliishi miaka minne zaidi, na sikumsikia tena akigombana na Mungu. "Amani yangu nawapa, niwapavyo mimi sivyo kama ulimwengu utoavyo." Andiko hilo nililikariri shule ya Jumapili. Kulielewa, nililielewa kwenye kile kitanda.

Najua kwa nini mnakimbilia mikesha. Kliniki mnapanga foleni toka alfajiri, mkifika dirishani mnaambiwa dawa hakuna, kanunueni nje. Na sisi wauguzi tulikuwa na midomo. Mimi mwenyewe nimewafokea wajawazito waliokuwa wanaogopa tu. Kisha mtu anakuja, anakuwekea mkono kichwani, anakuita kwa jina, anakuuliza unaumwa wapi. Nani asingemfuata? Makanisa yetu makongwe nayo yatubu hapo. Tunajua kudai bahasha ya ahadi kuliko kumjua aliyekosa ibada wiki tatu.

Ila wengine wanaifanyia kiu hiyo biashara. Elisha alikataa zawadi za Naamani aliyeponywa ukoma. Gehazi, mtumishi wake Elisha, akazikimbilia nyuma ya gari lake, akapata fedha na ukoma juu yake. Tarehe 1 Februari 2020, hapa hapa Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana kuyakimbilia mafuta ya upako. Miaka mitatu baadaye Shakahola, kule Kenya, ikafukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hadi wamwone Yesu. Mlishangaa, mkasema hao ni wajinga. Wao nao walianza kwa kupiga vigelegele.

Mengine kwa kifupi. Mwenye dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI asiziache hata siku moja. Ushuhuda wa kupona usitolewe kabla ya vipimo. Anayekuuzia maji ya upako, mwache na maji yake. Mwenye huzuni isiyoisha si lazima awe na pepo. Aombewe na apelekwe kwa daktari. Msiba usiwe mahali pa kuuliza marehemu alikosea wapi.

Alhamisi saa kumi nitakuwa kwa binti yetu. Mazoezi ya mkono tumeelekezwa, yanahitaji watu wawili. Yule aliyesema neno lile aje wa kwanza, aje na jani la sale kama ulimi utamwia mzito. Uani kwangu lipo. Wengine leteni sabuni ya kufulia na unga wa uji. Mashine ya presha nitakuja nayo, na nitawapima nyote kabla ya sala.

Bibi yenu,
mkunga mstaafu na mzee wa kanisa, Moshi